Mirabeau: mwinyi aliyewasemea wanyonge, halafu akala posho ya Ikulu. Alinunuliwa au tunamwonea?

#1 Mlumbi wa Pangani

Salaam wakuu.

Robespierre, Danton na Napoleon kila mtu anawajua. Huyu Mirabeau tunampita kama kituo ambacho basi halisimami, na yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Mapinduzi ya Ufaransa miaka miwili ya mwanzo.

Tuanze na Juni 23, 1789, pale Versailles. Mfalme Louis XVI kaja mwenyewe ukumbini, kawaambia wajumbe watawanyike, kila tabaka likakae chumba chake. Makabaila wakatoka, maaskofu wakatoka. Tabaka la Tatu, yaani wasio makabaila wala makasisi, wakabaki kwenye viti. Akaja mkuu wa itifaki, Marquis de Dreux-Brézé, akawauliza kama hawakusikia amri ya mfalme. Hapo akainuka jitu moja la kichwa kikubwa, uso umeliwa na ndui, nalo ni kabaila pia: "Nenda kamwambie aliyekutuma kwamba tuko hapa kwa matakwa ya umma, na hatutoki ila kwa ncha ya singe."

Nywele zinasimama, sivyo? Sasa haya. Haujapita mwaka, Mei 1790, jitu lile lile linakubali livre 6,000 (livre ni fedha ya Ufaransa enzi hizo) kila mwezi kutoka kwa mfalme yule yule. Mfalme anakubali kulipa madeni yake ya livre 208,000. Juu ya hapo kuna hati za livre milioni 1 zimewekwa pembeni, apewe Bunge likimaliza kazi na yeye akiwa ametimiza ahadi. Vyote kwa siri. Mchana anawasemea wananchi, usiku anamwandikia mfalme barua za ushauri.

Alinunuliwa, au kuna maelezo mengine? Karibuni, matusi hapana.

#2 Kichwangumu

Alinunuliwa. Uzi ufungwe.

#3 Bibi Kahawa

Kichwangumu wewe kila uzi unataka ufungwe, una mgonjwa wodini?

Mlumbi, umeanzia katikati. Huyu mtu alifika Versailles akiwa na miaka 40, na miaka mingi ya ujana wake aliiacha kwenye magereza, tena bila kufikishwa mahakamani. Aliyemfunga ni baba yake mzazi. Enzi hizo kulikuwa na kitu kinaitwa lettre de cachet, barua yenye sahihi ya mfalme: mtu anakamatwa, anawekwa ndani, hakuna shtaka wala tarehe ya kutoka. Baba mwenye jina na fedha aliweza kuiomba dhidi ya mtoto wake. Mzee Mirabeau aliziomba kwa makumi, za mke wake na za watoto.

Huyo mzee Ulaya nzima ilimwita "Rafiki wa Binadamu", kwa sababu ndilo jina la kitabu chake cha uchumi cha 1756. Rafiki wa binadamu wote, isipokuwa waliokuwa wanaishi nyumbani kwake.

Kijana alifungwa kisiwa cha Ré, akafungwa Château d'If 1774, akahamishiwa ngome ya Joux milimani 1775. Huko akaruhusiwa kushuka mjini Pontarlier, akakutana na Sophie, mke kijana wa mzee mmoja marquis. Wakatoroka hadi Amsterdam. Mahakama ikamhukumu kifo asipokuwepo, wakakata kichwa cha sanamu yake. 1777 wakakamatwa Amsterdam, yeye akatupwa ngome ya Vincennes miaka mitatu na nusu. Mle ndani aliandika kitabu kizima kuzishambulia barua hizo za mfalme, kikachapwa 1782.

Kwa hiyo chuki yake kwa utawala wa "nimeamua tu" hakuisoma vitabuni.

#4 Dereva wa Usiku

Bibi Kahawa umenigusa pabaya.

Mimi nilipokuwa na miaka 19 mzee wangu alinipeleka kituo cha polisi kwa mguu wake. Kosa langu ni kwamba niliuza baiskeli yake. Akaongea na mkubwa wa zamu, wakacheka, nikavuliwa mkanda na viatu. Siku tatu. Hakuna jalada, hakuna maelezo niliyoandika. Siku ya tatu mzee akaja na chai kwenye chupa na maandazi manne, akaniuliza "umejifunza?" Nikasema ndiyo baba.

Leo nina miaka 46, na nikisikia funguo nyingi zikigongana bado tumbo linashika. Lakini kilichonifanya nijibu uzi huu ni kitu kingine: alipougua, mimi ndiye niliyeuza kiwanja kumtibu. Watoto wenye baba wa namna hii huwa tunamtafuta mpaka kaburini. Mirabeau naye nahisi mfalme alikuwa baba wa pili. Anamtukana hadharani, halafu usiku anamwandikia "nisikilize, nakutakia mema".

#5 Kichwangumu

Pole kaka. Ila wewe hukulipwa 6,000 kwa mwezi.

#6 Mzee Kigoda

Nasahihisha mambo mawili kabla chai haijawa nyingi.

Kwanza, ile kauli ya singe katika bandiko #1. Waliokuwepo ukumbini hawakuiandika kwa maneno yaleyale. Toleo linalopigiwa kelele limenolewa baadaye. Mwaka 1833 mtoto wa Brézé alisimama katika baraza la juu la bunge la Ufaransa akatoa toleo la baba yake, na humo Mirabeau anaongea kwa ustaarabu zaidi. Maana ni ileile, makali ndiyo tofauti.

Pili, watu wengi huandika kwamba alizaliwa Provence. Jina na cheo ni vya Provence, lakini yeye alizaliwa Le Bignon, kusini ya Paris, Machi 9, 1749. Alizaliwa na mguu umepinda. Ndui ilimpata akiwa na miaka mitatu.

Na kwa faida ya wasiojua: kulikuwa na Mirabeau wawili bungeni. Mdogo wake, yule wa upande wa makabaila, alikuwa mnene na mpenda mvinyo hadi akaitwa Mirabeau Pipa. Inasimuliwa alisema kwamba katika familia nyingine yeyote yeye angehesabiwa mhuni mwenye akili, lakini kwao anahesabiwa mjinga mwaminifu.

#7 Kobe wa Kilifi

😂😂 Pipa ndiye kipenzi changu.

Huku Kenya hatuhitaji semina kuhusu jambo hili. Unapiga kelele ukiwa nje, unaitwa mezani, mnapeana handisheki, kelele zinapungua. Nyie wa Bara mnasemaje vile?

#8 Mlumbi wa Pangani

Ameunga mkono juhudi.

#9 Kobe wa Kilifi

Haswaa. Mirabeau aliunga mkono juhudi za Louis XVI.

#10 Bibi Kahawa

Cheko lenu zuri, ila anayeunga juhudi hubadili wimbo. Huyu wimbo haukubadilika. Tangu Septemba 1789, miezi minane kabla ya senti ya kwanza, alisimama bungeni akitaka mfalme awe na kura ya turufu kamili dhidi ya sheria za Bunge. Watu wa Paris walichukia mno. Oktoba 1789 tayari alishaandika waraka wa kumshauri mfalme atoke Paris aende Rouen, ndani ya nchi, awaite wananchi upande wake, na kwa hali yoyote asikimbilie mpakani. Hakuwa amelipwa.

Alitaka mfalme na bunge vikae pamoja, katiba katikati. Alitaka hivyo kabla na baada ya hela. Hata Jenerali La Fayette, ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja, aliandika kwamba pesa ilimwingia lakini hakuna kiasi ambacho kingemfanya atetee jambo la kuua uhuru.

#11 Kichwangumu

Kama alikuwa anaamini hivyo hivyo, hela ya nini sasa? Mimi naamini maji ni mazuri, mbona DAWASA hawanilipi?

#12 Kobe wa Kilifi

Hapo Kichwangumu kapiga kichwa 😂

#13 Karani Mstaafu

Habari zenu. Tufanye hesabu kidogo, maana watu wanataja livre kama karanga.

Mjumbe wa Bunge alilipwa livre 18 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni 540. Mirabeau 6,000, yaani mara 11 ya mjumbe mwenzake. Kibarua wa Paris alipata kama livre moja, ikizidi sana moja na nusu kwa siku. Piga hapo mwenyewe, mshahara wa mwezi mmoja wa siri ni zaidi ya miaka kumi ya mbeba zege.

Lakini nilichokuja nacho ni kingine. Mnasema "sauti ya mapinduzi". Ya nani? Hotuba nyingi hakuandika yeye. Alikuwa na karakana ya watu wa Geneva waliokimbia nchi yao: Dumont, Clavière, Duroveray, Reybaz. Dumont ameacha kumbukumbu. Anasimulia aliandika kipande cha hotuba kwa penseli akiwa kwenye roshani ya watazamaji bungeni, akamwonyesha Lord Elgin aliyekaa jirani, kisha akaja kukisikia kinatoka kinywani mwa Mirabeau kama kilivyo. Na akiwa mimbarini alipelekewa vikaratasi, anasoma kwa jicho moja, anaendelea kusema, kile cha kikaratasi kinaingia kwenye sentensi bila mshono kuonekana.

Nalijua jambo hili. Nilimwandikia diwani mmoja hotuba kwa miaka minne. Nikamwandikia "barabara hii ni mshipa wa damu wa kata yetu". Akaisema, watu wakapiga vigelegele. Kesho yake kijiweni mtu ananikazia macho ananiambia "yule diwani ana kichwa bwana, umesikia lile la mshipa?" Mimi nililipwa soda na nauli.

#14 Dereva wa Usiku

Dah. Nauli ya kwenda tu au na kurudi?

#15 Karani Mstaafu

Kwenda.

Ila niwe mkweli. Maneno yale yale niliyasema mwenyewe kwenye harusi ya mpwa wangu, watu wakaendelea kula pilau. Dumont naye hakuna aliyewahi kumbeba mabegani. Anasema Mirabeau alijisifia ubaya wa sura yake, kwamba hakuna anayejua nguvu ya kile kichwa chake cha ngiri akikitikisa. Karatasi haitikisi kichwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama alinunuliwa, ulizeni bidhaa ilikuwa ya nani.

#16 Mngazija wa Marseille

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, asili Ngazija, sasa niko Marseille mwaka wa 17. Hapa Wangazija tumejaa kuliko samaki sokoni, basi niwape ya huku.

Château d'If inaonekana ukisimama juu penye upepo. Boti inatoka Bandari ya Kale, kama dakika ishirini. Niliwapeleka wageni mara mbili. Mara ya kwanza tulikata tiketi tukarudi, upepo wa mistral ukivuma boti haifungi gati kule. Ngome yenyewe ni jiwe jeupe tupu juani, hakuna mti wa maana, na mji mzima unauona mbele yako. Nadhani hiyo ndiyo adhabu. Unasikia harufu ya mji usioweza kwenda. Jumamosi narudi tena, nitawapigia picha.

Aix nako, dakika arobaini kwa basi, barabara yao kubwa inaitwa Cours Mirabeau. Miti mikubwa pande zote mbili, na katikati kuna chemchemi ya maji vuguvugu imeota majani mabichi hata jiwe halionekani, kama kondoo aliyelowa. Watu wanakunywa kahawa ya bei mbaya. Waulize Mirabeau ni nani, wanakuonyesha kibao cha barabara.

Aix hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza. Mwanzoni mwa 1789 makabaila wa Provence walimtoa kwenye mkutano wao kwa hoja kwamba hana shamba la kikabaila la jina lake, kwa kuwa baba alikuwa hai. Akaenda kugombea kwa Tabaka la Tatu. Akachaguliwa Marseille na Aix kwa pamoja, akachukua Aix. Wazee husema alifungua hata duka la vitambaa, akaandika juu "Mirabeau, muuza nguo", kuwaudhi makabaila.

#17 Mzee Kigoda

Duka la vitambaa ni hekaya. Tamu, lakini hekaya. Lakini la kufukuzwa ni kweli kabisa. Tena Machi 1789 kulipotokea ghasia za bei ya mkate Marseille, gavana mwenyewe alimwita atulize. Hakuhutubia "haki, haki". Aliwaandikia tangazo la lugha nyepesi, akiwaeleza kwa nini ngano ilikuwa ghali mwaka ule. Watu wakamwelewa. Siku hizi nani anawaeleza watu bei ya unga hivyo?

#18 Kobe wa Kilifi

Kwa hiyo kama makabaila wasingemfukuza, angekaa upande wao na leo hatuna uzi?

#19 Mlumbi wa Pangani

Kobe hilo swali ni zito kuliko langu.

#20 Kichwangumu

Mimi nimesoma sehemu kwamba alikatwa kichwa kwa gilotini pamoja na mfalme wake. Malipo hapa hapa duniani.

#21 Nesi wa Zamu

Kichwangumu umepuyanga. Alifia kitandani, Aprili 2, 1791, nyumbani kwake mtaa wa Chaussée-d'Antin, Paris. Mfalme alikatwa kichwa Januari 21, 1793.

Kwa kuwa ndiyo kazi yangu: daktari wake alikuwa rafiki yake Cabanis, naye aliandika maendeleo ya ugonjwa. Baada ya kufa alipasuliwa mbele ya madaktari wengi, wakakuta mfuko unaozunguka moyo umevimba na kuharibika. Ugonjwa huo leo tunautibu wodini. Maji yanajaa kuzunguka moyo, moyo unashindwa kutanuka, mgonjwa halali chali, anakaa ameinama mbele kama anatafuta kitu sakafuni. Mwishoni Mirabeau sauti ilimkatika. Mtu wa maneno yale yote akaomba karatasi, akaandika neno moja: kulala. Alikuwa anaomba afyuni.

Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo.

#22 Dereva wa Usiku

Si walisema kalishwa sumu?

#23 Nesi wa Zamu

Kila mkubwa akifa na miaka 42 anakuwa kalishwa. Na hapo katibu wake mmoja alijichoma kisu siku hiyohiyo, uvumi ukapata miguu. Waliopasua maiti hawakuona sumu.

#24 Kobe wa Kilifi

Nani ajichome kisu kwa ajili ya bosi? Mimi bosi wangu akipiga chafya tu nafurahi.

#25 Kichwangumu

Sawa, gilotini nafuta. Ila nami leo nimesoma, msidhani. Machi 27, 1791, yuko hoi, siku sita kabla ya kufa, alijikokota hadi bungeni kusema mara ya mwisho. Alisemea nini? Haki za binadamu? Hapana. Sheria ya MIGODI. Kwa nini? Kwa sababu rafiki yake Comte de La Marck, kabaila mwenye maslahi kwenye migodi ya makaa, ndiye aliyekuwa dalali kati yake na Ikulu. Akatoka akamwambia kesi yako imeshinda, mimi nimekwisha.

Haya. Mniambie tena habari za imani.

#26 Bibi Kahawa

Kichwangumu, leo umekula nini? Hilo ni kweli.

Ila tazama nawe: kufa kwa ajili ya hoja ya rafiki si tabia ya muuza-utu. Muuza-utu angelala nyumbani aoshwe miguu.

#27 Karani Mstaafu

Au angelala kama angekuwa ameshalipwa ile milioni.

#28 Mlumbi wa Pangani

Wakuu, kuna mlango mmoja hamjaugusa. Novemba 7, 1789, Bunge lilipitisha azimio kwamba mjumbe hawezi kuwa waziri. Kila mtu ukumbini alijua sheria ile imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Alikuwa akitaka uwaziri, waziwazi, kama Waingereza wanavyofanya, waziri atoke bungeni na ajibu bungeni. Wakamfungia mlango wa mbele. Miezi sita baadaye akaingia wa nyuma.

Ndiyo maana nauliza. Ukimzuia mtu kufanya kazi mchana na bado unamhitaji, atakuja usiku, na wa usiku hulipwa kwa siri.

#29 Kobe wa Kilifi

Mleta uzi kumbe jibu ulikuwa nalo mfukoni, umetuleta kutuzungusha.

Mimi nasema mwinyi ni mwinyi tu. Juni 1790 Bunge likafuta vyeo vya kikabaila, magazeti yakaanza kumwita Riqueti. Alikasirika! Eti kwa Riqueti yenu mmeipoteza Ulaya siku tatu nzima. Watumishi wake wakaendelea na sare zao. Alitaka wanyonge wapande, ila ngazi asishuke yeye.

#30 Binti Kilwa

Hodi. Nimesoma kimya tangu mwanzo, nashangaa wote mko Paris na hakuna aliyegusa lililotuhusu.

Julai 3, 1789, wenye mashamba wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, walikuja kuomba viti vingi bungeni wakijihesabia na watumwa wao. Mirabeau aliwauliza: Weusi wenu ni watu au si watu? Kama ni watu, waacheni huru wapige kura. Kama si watu, basi nasi wakati wa kugawa viti Ufaransa hatukuhesabu farasi na nyumbu wetu. Wakaishia kupewa viti 6.

Alikuwa katika Jumuiya ya Marafiki wa Weusi iliyoanzishwa Paris 1788. Mwingereza Clarkson, mpinga utumwa, alipomletea mchoro wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, wenye watu waliolazwa kama dagaa kwenye kopo, Mirabeau alitengenezewa mfano wa mbao, akauweka chumba cha kulia chakula. Fikiria unamega mkate na kile kitu mezani pako. Akaandaa hotuba ndefu dhidi ya biashara ya watumwa. Machi 1790 Bunge likapitisha azimio la makoloni bila mjadala, alipotaka kusema akazomewa.

Sasa la kwetu. 1776, mwaka uleule anatoroka na Sophie, Mfaransa mmoja anaitwa Morice yuko Kilwa anatia saini mkataba na sultani: watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa, sultani apate 2 juu ya kila mmoja. Walipelekwa Île de France, Mauritius ya leo. Nyumbani kwetu ukienda Kisiwani kuna kuta za matumbawe watalii wanapigia picha, na hakuna anayeuliza zile piastre mbili ziliishia wapi.

Kwa hiyo mnapomhesabia Mirabeau hela alizopokea, mimi namhesabia pia hela ambazo hakupokea. Wenye mashamba walikuwa na fedha nyingi. Huko hakuuza.

#31 Kichwangumu

...

#32 Kobe wa Kilifi

Kichwangumu kanyamaza! Piga picha ya skrini.

#33 Mzee Kigoda

Binti Kilwa, shukrani. Na nikuongezee: ile ngome ya Joux aliyofungwa Mirabeau 1775 akiruhusiwa kushuka mjini kutongoza, ndiyo hiyohiyo alimofia Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, katika baridi, Aprili 7, 1803. Huyo hakuruhusiwa kushuka popote.

#34 Binti Kilwa

Sikujua hilo. Ahsante mzee.

#35 Fundi Kufuli

Wakuu mimi ni fundi kufuli miaka 22, najibu kwa fani.

Mirabeau alizikwa kama mfalme. Kanisa la Sainte-Geneviève likageuzwa Panthéon, nyumba ya kuzikia mashujaa wa taifa, kwa ajili yake, wa kwanza kuzikwa humo. Kilichomwangusha ni fundi kufuli mwenzangu. Mfalme Louis alipenda ufundi wa vyuma, mwalimu wake aliitwa Gamain wa Versailles. Walitengeneza pamoja kabati la chuma ndani ya ukuta wa kasri la Tuileries, mfalme akaficha nyaraka. Ufalme ulipoanguka 1792, Novemba Gamain akaenda kwa waziri Roland akasema "kuna ukuta una mlango". Wakafungua, siri za Mirabeau na Ikulu hizo hapo. Septemba 1794 mwili wake ukatolewa Panthéon siku ileile mwanamapinduzi Marat anaingizwa. Ukazikwa makaburi ya Clamart, hadi leo haujulikani ulipo.

Kisha Gamain huyo akadai mfalme alimlisha sumu, akapewa pensheni ya livre 1,200 kwa mwaka.

Mimi nimefunga sefu kwenye nyumba za watu wazito humu mjini. Mmoja alinifunga kitambaa machoni garini, nikacheka kimoyomoyo, maana mbwa wake nilikuwa namjua kwa mlio. Sijawahi kusema. Fundi anayesema amekufa kikazi.

#36 Kichwangumu

Nimerudi. Gamain naye alinunuliwa.

#37 Fundi Kufuli

Huyo nakubaliana nawe asilimia mia.

#38 Bibi Kahawa

Mnajua kinachoniuma? Ule ushauri wenyewe. Barua kama hamsini aliwaandikia. Julai 3, 1790 alikwenda Saint-Cloud akaonana na Malkia Marie Antoinette ana kwa ana, akatoka akiamini ameokoa ufalme. Hawakufuata hata kidogo. Aliwaambia msikimbilie mpakani. Juni 1791, miezi miwili baada ya kifo chake, wakakimbilia mpakani, wakakamatwa Varennes.

Walimlipa ili wasimsikilize. Kama ni ununuzi, mnunuzi alinunua redio akaizima.

#39 Dereva wa Usiku

Bibi hiyo naiandika nyuma ya gari.

#40 Karani Mstaafu

Moja la mwisho kabla sijalala. Yaliyopatikana kwenye lile kabati yalikuwa nusu tu. Mirabeau kabla ya kufa alimpa La Marck karatasi zake azihifadhi. Zilitoka hadharani 1851. Hesabu za fedha, barua, mipango, vyote. Miaka 60. Waliomtoa Panthéon hawakuwa wamesoma hata robo ya kesi yake, na waliomzika kwa kilio hawakuwa wamesoma kitu.

#41 Kobe wa Kilifi

Sasa Fundi tuambie, kabati la mfalme lilifunguka kwa mdomo mmoja, na sanduku la La Marck limekaa miaka 60. Kufuli gani uliuza pale?

#42 Fundi Kufuli

Njoo pembeni nikupe bei.

#43 Mlumbi wa Pangani

Nashukuru wote. Nilikuja na swali moja naondoka nayo manne. Mngazija, si ulisema utatupigia picha ya If Jumamosi? Tunataka kuona chumba chake.

#44 Mngazija wa Marseille

Nilikwenda asubuhi hii. Upepo. Nimepewa nafasi ya wiki ijayo, na sandwichi yangu imeliwa na ndege wa baharini pale gatini, mchana kweupe, mbele ya polisi.